Je, wajua kwa nini picha ya kweli ya Mlima Kenya hudhaniwa imebandikwa?

Mwaka 2020, wakati wa vizuizi vya korona, picha za Mlima Kenya zilizopigwa kutoka Nairobi zilisambaa mitandaoni. Mlima ulikuwa umesimama wazi nyuma ya majumba ya jiji. Wapo walioduwaa kwa uzuri, na wapo walioapa kwamba umebandikwa kwa kompyuta.

Mlima kweli huonekana kutoka Nairobi hewa ikiwa safi, ingawa uko karibu kilomita 140. Kinachowachanganya watu ni ukubwa wake. Simama mita 500 kutoka KICC, jumba lenye urefu wa mita 105: litaonekana refu kuliko mlima mara nyingi. Sasa rudi nyuma hadi kilomita tano. KICC litaonekana dogo mara kumi, lakini mlima haupungui, maana kilomita tano si kitu mbele ya 140. Hapo viwili hivyo vinakaribia kulingana kimo. Lenzi ndefu huvivuta vyote pamoja, na mlima ukaonekana kama uko Thika.

Basi picha isiyoguswa hata kidogo inaweza kumshangaza mtu aliyesimama palepale. Ndiyo maana sikubaliani na wanaodai kwamba picha ya mandhari ni ya kweli mradi tu haijahaririwa.

Tena, hakuna picha ya dijitali isiyohaririwa. Kihisi cha kamera hupima mwanga tu, hakijui rangi. Kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, hufunikwa na kichujio kidogo chekundu, kijani au buluu, kwa mpangilio uliobuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak na kupewa hataza mwaka 1976. Pikseli iliyo chini ya kichujio chekundu hupima wekundu peke yake. Kijani na buluu yake hukadiriwa kutoka kwa majirani. Yaani theluthi mbili za rangi katika picha yako ni makadirio ya programu. Kisha simu huamua weupe ni upi, huinua vivuli, na kubana kila rangi iwe na ngazi 256, ilhali faili ghafi ya biti 14, yaani vipimo vya kihisi kabla ya kuchakatwa, hubeba ngazi 16,384. Anayesema hahariri picha zake ameiachia simu kazi hiyo.

Chukua jioni ya Ngong. Kwetu karibu na ikweta jua hushuka wima, na dakika ishirini hivi baadaye giza linaingia. Jicho lako huhama kutoka mawingu yanayowaka hadi bonde lenye kivuli, likijirekebisha kila mara, nawe unaona vyote. Kamera hupima mara moja: ama anga iungue iwe nyeupe, ama bonde liwe jeusi tititi. Nikiinua vivuli vya bonde hilo baadaye, narudisha nilichokiona. Hali kadhalika mijakaranda ya Oktoba, ambayo kamera nyingi huigeuza zambarau yake ikawa buluu. Naisahihisha bila kusita.

Lakini mpaka upo. Mwaka 1982 jarida la National Geographic lilizisogeza piramidi za Giza, Misri, kwa kompyuta ili picha ya mlalo ienee kwenye jalada la wima, na likalaumiwa vikali. Siku hizi programu za simu hubadilisha anga nzima kwa mguso mmoja. Jambo lenyewe si geni: katika miaka ya 1850 Mfaransa Gustave Le Gray aliunganisha negativu mbili, ya bahari na ya mawingu, kwa sababu kemikali za wakati ule ziliiunguza anga ikawa nyeupe. Kazi yake ni sanaa, nami naiheshimu. Ukitaka kutundika ukutani Nairobi yenye anga ya ndoto, tundika. Ila ukiandika chini yake "Nairobi leo asubuhi", mawingu hayo sharti yawe yalikuwapo leo asubuhi.

Kwangu kigumu zaidi ni kunogesha rangi. Majani ya Karura baada ya mvua ni ya kijani kibichi kweli, na ni rahisi kuongeza kidogo, na kidogo tena, hadi msitu unang'aa kama plastiki. Hujaongeza jani hata moja, lakini msitu huo haupo. Jicho huzoea upesi likikaa mbele ya skrini, kwa hiyo mimi hulala kwanza, kisha asubuhi naiweka picha kando ya ile ya awali. Mara nyingi hupunguza nusu ya nilichoongeza.

Ukitaka kujihakikishia mlima, ngoja usiku wa mvua, kisha panda ghorofa ya juu kunapopambazuka, utazame kaskazini ukielekea mashariki kidogo. Nyoosha mkono. Utaweza kukifunika kilele chake kwa kidole cha mwisho.