Waeseni: dhana tulizozoea na yale yanayojulikana

Mafarisayo na Masadukayo tunawajua tangu shule ya Jumapili. Waeseni je, dhehebu la tatu la Wayahudi wa zama hizo? Agano Jipya haliwataji hata mara moja, na labda ndiyo sababu kila mwenye nadharia yake huwafanya shamba lisilo na mwenyewe, akapanda humo anachotaka.

"Walikuwa watawa wa jangwani wasiooa." Picha hii imetoka kwa Pliny, Mrumi wa karne ya 1, aliyeandika kwamba magharibi mwa Bahari ya Chumvi kuna watu wanaoishi bila wanawake wala fedha, wenzao ni mitende. Philo na Josephus, waandishi wa karne hiyohiyo ambao wenyewe walikuwa Wayahudi, wana picha pana zaidi. Wote wawili wanawahesabu kuwa zaidi ya 4,000. Josephus anasema hawakuwa na mji mmoja bali walienea katika miji mingi, tena anataja tawi lao lililooa, kwa hoja kwamba wote wakikataa ndoa, kizazi kitakatika.

"Josephus aliwajua kwa ndani, alikuwa mmoja wao." Hapa inabidi tupige hesabu. Anadai alianza kuyajaribu madhehebu yote matatu akiwa na miaka 16, kisha akakaa nyikani miaka mitatu na mtu aitwaye Bannus, akarudi mjini akiwa na miaka 19. Lakini ni yeye huyohuyo anayeeleza kwamba Waeseni walimweka mtu katika majaribio ya miaka mitatu kabla ya kumpokea kikamilifu. Miaka hiyo aliipata wapi? Nadhani aliishia kuchungulia mlangoni.

"Imethibitishwa kwamba Waeseni ndio walioandika magombo ya Bahari ya Chumvi." Hapa ndipo penye ubishi wenyewe. Kuanzia mwaka 1947, wafugaji wa Kibedui na baadaye wanaakiolojia walitoa katika mapango 11 karibu na magofu ya Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, mabaki ya magombo yapatayo 900. Eleazar Sukenik, mwanaakiolojia wa Jerusalem, alikuwa wa kwanza kuyahusisha magombo na Waeseni, na Roland de Vaux, padri aliyeongoza uchimbaji Qumran kati ya 1951 na 1956, akaupa wazo hilo uzito. Likazoeleka mno hadi watu wakasahau kuwa ni hoja.

Jina "Waeseni" halimo katika gombo lolote. Jumuiya inayoelezwa humo hujiita Yahad, yaani umoja. Wataalamu wengine wakaja na majibu tofauti. Norman Golb alishikilia kwamba magombo yalitoka maktaba za Jerusalem, yakafichwa Warumi walipokaribia. Lawrence Schiffman aliona katika sheria zao za usafi mizizi ya Kisadukayo. Rachel Elior alikwenda mbali kuliko wote: kwake, Waeseni ni watu wa kubuniwa ambao hawakuwahi kuwepo. Na ni kweli kwamba si magombo yote yangeweza kuandikwa Qumran. Zaidi ya 200 ni nakala za vitabu vya Biblia, na baadhi ni ya kale kuliko makazi yenyewe.

Hata hivyo kuna jambo dogo linalonifanya niegemee upande wa Sukenik. Josephus anasema Waeseni walikatazwa kutema mate katikati ya kikao. Kanuni ya Jumuiya, gombo lililotoka pango la kwanza, inamwadhibu kwa siku 30 anayetema mate katikati ya mkutano. Mali ya pamoja na chakula cha pamoja ungeweza kuvikuta kwa kundi lolote la wacha Mungu, lakini mate? Kwangu hilo si uthibitisho kamili, ila ni gumu kulipuuza.

"Yesu alikuwa Mweseni." Magombo hayamtaji Yesu wala Yohana Mbatizaji. Kwa Yohana walau kuna cha kujadili: alikaa nyikani, na andiko la Isaya 40:3 linalohusishwa naye limo pia katika Kanuni ya Jumuiya. Kwa Yesu, tazama suala la sabato. Waraka wa Damasko, unaohusishwa na jumuiya hiyohiyo, unakataza kumtoa mnyama aliyetumbukia shimoni siku ya sabato. Katika Mathayo 12:11 Yesu anauliza ni nani asiyemtoa kondoo wake shimoni siku hiyo, kana kwamba jibu linajulikana na kila mtu.

"Hawakula nyama wala hawakushika silaha." Kuhusu nyama, de Vaux alifukua Qumran mifupa ya kondoo, mbuzi na ng'ombe, imewekwa kwa uangalifu ndani ya vyungu au chini ya vigae. Kama wenyeji wa hapo walikuwa Waeseni, basi mlo wao tunaujua. Na silaha? Vita dhidi ya Roma vilipoanza mwaka 66, mmoja wa makamanda wa Kiyahudi aliitwa Yohana Mweseni. Aliuawa akiongoza mashambulizi dhidi ya Ashkelon.