Kwa nini mwenye presha ya macho asinywe lita nzima ya maji kwa mkupuo?

Jua la Masasi saa saba mchana, mtu katoka kwenye mikorosho, anashika kopo la maji na haliachi mpaka liishe. Kwa wengi wetu hakuna neno. Kwa mwenye glakoma, tuliyozoea kuiita presha ya macho, ni habari nyingine.

Jicho hutengeneza majimaji muda wote, nayo hutoka kupitia vijitundu vidogo vilivyo pembeni, kioo cha jicho kinapokutana na sehemu yenye rangi. Njia hiyo ikipitisha kwa shida, shinikizo ndani ya jicho hupanda. Kwa watu wengi huwa kati ya 10 na 21 kwa milimita za zebaki. Likizidi, linaua taratibu mshipa wa fahamu wa jicho, mara nyingi bila maumivu yoyote, na kilichopotea hakirudi. Sasa, lita moja ndani ya dakika 5 hulipandisha kwa muda, kiasi kwamba baadhi ya madaktari huitumia makusudi kupima uwezo wa jicho kutoa majimaji yake. Usijinyime maji lakini. Kunywa glasi moja moja, kutwa. Madafu nayo vivyo hivyo.

Kuinama kichwa kikiwa chini nako hupandisha, na korosho huokotwa chini. Afadhali kuchuchumaa au kukalia kigoda. Gunia mwachie mwingine, maana kunyanyua mzigo huku umebana pumzi ni vilevile. Kutembea kwa miguu, kinyume chake, hushusha kidogo.

Na mboga? Utafiti wa Marekani wa mwaka 2016 ulikuta waliokula zaidi mboga za majani walipata glakoma pungufu kwa asilimia 20 hadi 30. Mchicha na matembele tunavyo tele, tule. Ila hiyo ni habari ya kinga; aliyekwisha kuugua asiache matone ya hospitali kwa sababu ya mchicha.

Linalonitia hofu zaidi ni msimu wa kupulizia salfa dhidi ya ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Vumbi lile huwasha macho, mtu anakimbilia duka la dawa, anapewa matone yenye steroidi, dawa za kutuliza uvimbe na muwasho. Muwasho unaisha siku hiyohiyo, kwa hiyo anayapenda, anarudia wiki hadi wiki. Steroidi hizo zenyewe hupandisha shinikizo la jicho, hata kwa asiyekuwa na glakoma. Salfa ikiingia, osha kwa maji safi mengi, na kabla ya kulipia matone muulize muuzaji kama yana steroidi, mfano deksamethasoni.