"Madam, mimi bila presha sisomi"

UE, mitihani ya chuo ya mwisho wa muhula, zimebakiza siku tisa, na mimi ni mshauri nasaha wa wanafunzi: tangu Jumatatu kila anayeingia ofisini kwangu ananiletea maneno yaleyale: "Madam, mimi bila presha sisomi." Wanayasema kwa majivuno kidogo, kama mtu anayetaja kabila lake. Juzi kijana mmoja alinieleza anavyopiga msuli: beseni la maji baridi chini ya meza, miguu ndani, enaji mbili za kopo, desa (notisi za somo) la kurasa mia na ishirini mpaka adhana ya alfajiri. Nikamuuliza ukurasa wa arobaini ulikuwa unahusu nini. Akacheka.

Kwamba presha inaamsha, sikatai. Adrenalini ikipanda, usingizi unakata na mtu anakaa kitini kwa mara ya kwanza tangu muhula uanze. Ila kukaa kitini siyo kujifunza. Mwaka 1908 Wamarekani wawili, Yerkes na Dodson, waliwafundisha panya kwa shoti za umeme. Zoezi likiwa jepesi, shoti kali iliwaharakisha. Likiwa gumu, shoti hiyohiyo iliwachelewesha. Kwa hiyo presha itakusaidia kupiga nguo pasi. Hesabu za takwimu, hapana.

Halafu huko kukesha kwenyewe. Uliyosoma mchana hukaa sawasawa kichwani ukiwa usingizini. Ukikesha unaingiza magunia ghalani huku umemfukuza mtu wa kuyapanga. Mwaka 1997 Dawson na Reid wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 anaboronga kazi ya macho na mkono sawa na mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Wewe uliyeamka saa kumi na mbili asubuhi, saa tano usiku umeshafika hapo, na ndiyo kwanza unajaza beseni.

"Mbona nafaulu?" Kwa sababu desa la usiku hubaki kichwani mpaka asubuhi, basi. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi kifungu. Kundi moja lilikisoma mara mbili. Jingine lilikisoma mara moja, kisha likaandika linachokumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza kwa asilimia 81 dhidi ya 75. Baada ya wiki moja walikuwa wameporomoka hadi 42, na wenzao 56. Dakika tano zile ndizo zinazowadanganya, maana mtu anafunga desa akiwa anajiona anajua. Mwaka wa pili somo linarudi na mwanafunzi analiangalia kama mgeni.

Ninachowaambia wote, na wote hukikunjia uso: funika desa, chukua karatasi tupu, dakika kumi, andika unachokumbuka. Inauma, kwa sababu inaonyesha mapengo. Hayo mapengo ndiyo ya kusoma leo. Na usiniambie "nitajitahidi wiki hii". Niambie: "Nikitoka kula mchana naingia maktaba, natoa karatasi." Kijana wa beseni alijaribu palepale mezani kwangu. Mistari minne, akanyamaza. Nikamwambia hiyo ndiyo ratiba yake ya jioni, na saa tano awe kitandani.

Yako na maneno mengine ninayoletewa. "Kujidhibiti ni roho ngumu, wengine wamezaliwa nayo." Wale mnaowaonea gere simu zao zimebaki hosteli. Hawapigani nazo. Yangu ikiwa mezani, na shahada zangu mbili, naishika.

"Msongo wote ni ugonjwa." Tumbo kuvuruga kabla ya kuwasilisha kazi darasani ni mwili unajiandaa, litatulia ukimaliza. Usingizi ukikata wiki mbili, chakula hakipandi, watu wote unawakwepa, hapo njoo. Ukiwaza kujidhuru, usisubiri hata hizo wiki mbili, njoo leo.

"Kwa mshauri nasaha wanaenda vichaa." Foleni ya nje ya mlango wangu wiki hii imejaa wahasibu na wahandisi watarajiwa.

Neno la mwisho ni letu sisi wafanyakazi wa chuo: kwamba kila mwanafunzi anayeboronga hajajipanga. Bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, likichelewa na mtu anakula mlo mmoja kwa siku, hana tatizo la kujidhibiti, ana njaa. Huyo simpi zoezi la kupumua. Naongozana naye mpaka kwa mlezi wa wanafunzi, na karatasi tupu itasubiri.