Dhana potofu kuhusu maktaba za vyuo vikuu Zanzibar na kazi ya ukutubi

Vyuo vikuu vya Zanzibar havijapishana sana umri. Chuo Kikuu cha Zanzibar kilichoko Tunguu na kile cha Chukwani ambacho leo kinaitwa SUMAIT vilianza mwaka 1998. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) kiliundwa kwa sheria ya Baraza la Wawakilishi ya mwaka 1999, kikafungua milango 2001. Maktaba zao bado changa, na mengi yanayosemwa juu yao na juu ya watu wanaozihudumia hayana ukweli. Maneno hayo tusiyachukulie kama porojo za barazani, kwa sababu ndiyo yanayoamua nani aajiriwe, fedha ziende wapi na vitabu viishi miaka mingapi.

Dhana: Kazi ya maktaba ni kutoa na kupokea vitabu, haihitaji kusomewa

Dhana hii inatokana na kaunta. Msomaji anachokiona ni mtu aliyekaa kaunta na kugonga mhuri. Kazi iliyomwezesha kukipata kitabu ilifanyika chumba cha nyuma, siku nyingi kabla.

Tuchukue kitabu kimoja cha historia ya Unguja kilichofika leo. Kwanza kinalinganishwa na ankara, kisha kinapekuliwa ukurasa kwa ukurasa kuona kama kuna kurasa zilizoruka au zilizopachikwa kichwa chini. Kinagongwa mhuri wa chuo na kupewa namba ya usajili ambayo hakuna kitabu kingine kitakachoipata. Baada ya hapo ndipo inapokuja kazi yenyewe: kuandika rekodi yake na kukiainisha, yaani kukipa namba ya mada yake. Kwa mfumo wa Dewey, unaopanga vitabu vya kila fani kwa namba, historia ya Zanzibar hukaa 967.81. Lugha ya Kiswahili ni 496.392, na fasihi ya Kiswahili ni 896.392. Asiyesomea kazi hii huona "Kiswahili" kwenye jalada, akaiweka riwaya pamoja na vitabu vya sarufi. Mwanafunzi wa fasihi ataipita rafu yake, hataiona, na ataondoka akiamini kwamba chuo hakina.

Majina ya waandishi ndiyo mtihani mkubwa zaidi kwetu. Kanuni nyingi za ukutubi zilitungwa kwa watu wenye jina la ukoo. Mzanzibari ana jina lake, la babake na la babuye, na anaweza kuchapisha kitabu cha kwanza kwa majina mawili na cha pili kwa matatu. Mkutubi mmoja akianza na jina la babu, mwingine akaanza na jina la mwandishi mwenyewe, vitabu vya mtu mmoja vinatawanyika kwenye katalogi, yaani orodha ya vitabu vya maktaba, kana kwamba ni vya watu wawili. Juu ya hayo kuna tahajia: Khamis na Hamisi, Saleh na Swaleh, Seif na Sefu. Dawa yake ni faili la majina yaliyokubaliwa. Maktaba inachagua umbo moja la jina, na maumbo mengine yote yanaelekezwa hapo. Kulitunza faili hilo ni kazi ya kila wiki, na likiachwa mwaka mmoja tu, kulisafisha kunachukua miezi.

Kuna na suala la dini. Dewey alichapisha mfumo wake mwaka 1876 akiwa Marekani, na katika fungu la 200 sehemu kubwa, kuanzia 220 hadi 289, ilikwenda kwa Biblia na Ukristo. Uislamu wote uliingizwa katika 297. Kwa chuo kinachofundisha sharia na elimu ya Kiislamu, hilo linazaa namba ndefu sana nyuma ya nukta: Qur'ani peke yake huanzia 297.122, na tafsiri, tajwidi na mengineyo huendelea kutoka hapo. Lazima mkutubi aamue namba ikatwe wapi, aandike uamuzi huo, na wenzake waufuate. Asipouandika, akistaafu anaondoka nao.

Haya ni mambo ya darasani, na yamefundishwa vyuoni kwa zaidi ya miaka 100. Melvil Dewey huyohuyo alifungua skuli ya ukutubi Columbia, New York, mwaka 1887. Afrika Mashariki ilipata yake mwaka 1963, pale Makerere, ikihudumia nchi za ukanda mzima. Tanzania Bara ina skuli ya ukutubi, nyaraka na utunzaji kumbukumbu Bagamoyo, inayotoa cheti na diploma, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha shahada ya uzamili ya taaluma ya habari mwaka 1997. Ngazi hizi zina kazi tofauti. Mwenye cheti anapanga rafu na kuhudumia kaunta, mwenye diploma anaandika rekodi, na mwenye shahada na kuendelea anaainisha, anapanga bajeti na kuwafundisha wanafunzi kutafuta. Chuo kinachoajiri watu wa ngazi moja tu, iwe ya juu au ya chini, kitakwama upande mmoja.

Wala kutunza vitabu si ugeni hapa visiwani. Vitabu vya misikiti na vya nyumba za maulamaa vilikuwa na maandishi ya wakfu kurasa za mwanzo kuonyesha kwamba haviuzwi wala havirithiwi. Mkusanyiko wa miswada na vitabu vya Kiarabu ulioko Nyaraka za Taifa, Kilimani, uliingizwa mwaka 2003 katika rejesta ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia.

Dhana: Maktaba bora ni ile yenye vitabu vingi, kwa hiyo msaada wowote upokelewe

Kontena la vitabu vya msaada linapendeza kupigwa picha. Likifunguliwa, mara nyingi hutoka nakala 40 za kitabu kimoja cha kompyuta kinachoeleza programu zisizotumika tena, na vitabu vya sheria za nchi nyingine, wakati mwanafunzi wa sheria hapa anahitaji sheria za Zanzibar zilizopitishwa na Baraza la Wawakilishi. Kila kitabu kinachopokelewa kinadai kusajiliwa, kuandikiwa rekodi, kubandikwa lebo na kupewa nafasi. Ubao wa rafu wa sentimita 90 unabeba takriban vitabu 30, na robo yake inapaswa kubaki wazi ili vitabu vipya viingie bila kusukuma rafu nzima. Kwa hiyo maktaba iwe na sera ya misaada iliyoandikwa: orodha itumwe kabla ya vitabu, na chuo kiwe na haki ya kukataa. Vitabu vya tiba na kompyuta hupitwa haraka, ila vya historia na Kiswahili visiondolewe kwa sababu ya umri.

Tena wingi wa vitabu hautatui tatizo la nakala. Tuseme somo lina wanafunzi 120 na maktaba ina nakala 4 za kitabu cha kiada. Kikiazimwa kwa wiki mbili, katika muhula wa wiki 15 kila nakala inazunguka mara 7, yaani watu 28 tu ndio watakaokishika. Nakala hizohizo 4 zikiwekwa nyuma ya kaunta na kusomwa humo ndani kwa saa 2 kila mtu, maktaba ikifunguliwa saa 10 kwa siku, wanahudumiwa watu 20 kila siku. Darasa zima linamalizika kwa siku 6. Hakuna kitabu kilichonunuliwa hapo. Uamuzi wa mkutubi ndio uliofanya kazi.

Dhana: Intaneti imemaliza haja ya maktaba

Makala nyingi za utafiti ziko nyuma ya malipo. Mwanafunzi anayezitafuta kwa simu yake anaona muhtasari, akibonyeza anadaiwa dola, basi anakata tamaa. Wengi hawajui kwamba mpango wa Research4Life, ulioanza mwaka 2002 na majarida ya afya ya HINARI kisha ukaongezewa ya kilimo, mazingira, teknolojia na sheria, unaiweka Tanzania katika kundi la nchi ambazo taasisi zake hazilipi chochote. Masharti ni chuo kijisajili kama taasisi na mtu mmoja asimamie neno la siri. Mtu huyo ni mkutubi. Akihama bila kukabidhi, chuo kizima kinafungiwa nje, na hakuna anayejua sababu.

Dhana: Programu ya maktaba ni ya bure, hivyo haigharimu kitu

Koha, programu ya kuendeshea maktaba iliyozaliwa New Zealand na kuanza kutumika mwaka 2000, kweli haina ada ya leseni. Gharama zake ziko kwenye seva, betri za kuihami umeme unapokatika, na mtu anayeijua. Faida kubwa ya Koha ni kuvuta rekodi zilizo tayari kutoka maktaba nyingine, mathalani Maktaba ya Bunge la Marekani, badala ya kuandika upya. Kwa vitabu vya Kiswahili vilivyochapwa hapa mara nyingi hakuna cha kuvuta, na hapo anahitajika mtu wa kuandika. Kosa linaloumiza zaidi ni nakala ya akiba ya kila usiku kuhifadhiwa kwenye seva ileile. Diski ikifa, vinakufa vyote viwili.

Dhana: Kiyoyozi kikiwashwa mchana, vitabu vimepona

Hii ndiyo dhana inayoharibu vitabu vingi zaidi visiwani, na inaaminiwa hata na wakuu wa vyuo. Adui wa karatasi hapa ni unyevu kuliko joto. Ukungu huanza kustawi unyevu wa hewa unapopita asilimia 65, na wakati wa masika, Machi hadi Mei, hewa ya Unguja na Pemba hukaa juu ya hapo kwa wiki nyingi mfululizo. Kiyoyozi kikiwashwa saa mbili asubuhi na kuzimwa saa kumi jioni, vitabu na rafu za chuma vinakuwa baridi, hewa ya nje yenye unyevu inaingia usiku, na maji yanatona juu ya majalada kama jasho. Kubadilikabadilika huko kila siku kunadhuru kuliko joto la nyuzi 28 lililotulia.

Kinachosaidia ni kipima unyevu kinachosomwa asubuhi na jioni na kuandikwa daftarini, feni zinazozungusha hewa, na mashine ya kukausha hewa kwenye chumba cha vitabu adimu. Rafu zikae sentimita 10 juu ya sakafu na kiasi hichohicho kutoka ukutani, hasa kuta za mawe na chokaa zinazonyonya maji. Kitabu chenye harufu ya ukungu kitengwe siku hiyohiyo, kikaushwe kivulini mahali pakavu penye hewa, kisha kipanguswe nje kwa brashi laini, anayepangusa akiwa na barakoa. Kisianikwe juani, kwa sababu gundi inapasuka na jalada linapinda. Kikiloa kabisa, ukungu unaweza kuota ndani ya saa 48. Kama vilivyoloa ni vingi kuliko mikono iliyopo, vifungwe kwenye plastiki na kuingizwa frizani, vikaushwe kidogokidogo baadaye. Friza hiyohiyo inaua wadudu wanaotoboa karatasi: wiki moja kwa nyuzi 20 chini ya sifuri, au wiki mbili kwa 18.

Mpango wowote uwe na jibu la umeme kukatika. Unguja ilikaa gizani takriban mwezi mmoja mwaka 2008, na tena kwa miezi 3 kuanzia Disemba 2009. Maktaba yenye madirisha yanayofunguka na feni chache kwenye jenereta inavumilia kipindi kama hicho kuliko iliyojengwa kwa vioo visivyofunguka.

Dhana: Jumba lolote linaweza kugeuzwa maktaba

Ghala la vitabu husanifiwa kubeba takriban kilo 730 kwa kila mita ya mraba, mara tatu ya sakafu ya ofisi. Ghorofa za Mji Mkongwe zimelala juu ya boriti za mikoko. Mhandisi aitwe kabla ya rafu kupandishwa.

Dhana: Kikishaskaniwa, kimehifadhiwa

Kuskani kunatoa nakala ya kusomea. Tasnifu ziskaniwe angalau kwa nukta 300 kwa inchi, zipitishwe kwenye programu ya kutambua maandishi ili zitafutike, na kila faili liwe na rekodi yenye jina la mwandishi, mwaka na mada, la sivyo unabaki na mafaili elfu yasiyojulikana ni ya nani. Kabla ya kuweka mtandaoni, ruhusa ya mwandishi ipatikane kwa maandishi, kwa kuwa Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2003. Nakala za mafaili ziwe tatu: moja kwenye seva ya chuo, ya pili kwenye diski iliyofungiwa jengo jingine, na ya tatu nje ya kisiwa. Chuo chenye kampasi Unguja na Pemba kinaweza kubadilishana diski hizo kila mwezi, zikafunguliwa na kujaribiwa pale zinapofika.