Je, wajua kwa nini Land Rover Discovery 3, inayobebwa na mifuko ya hewa badala ya springi, ikivuja hewa kona moja huamkia chini kona zote nne?

Jioni gari limeegeshwa likiwa limesimama vizuri. Asubuhi linakutwa limeshuka mpaka madigadi yanakaribia kugusa matairi, mbele na nyuma, kushoto na kulia, sawasawa. Injini ikiwashwa, linainuka polepole na kuondoka kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwenye gari akiuliza, jibu analopewa mara nyingi ni kwamba kompresa, yaani pampu ya kujaza hewa, imekufa.

Jibu hilo si kweli, na ni kosa la mamia ya dola. Kompresa ikiwa imekufa, gari halitainuka asubuhi. Isitoshe, kazi ya kompresa ni kulipandisha gari tu, si kulishikilia. Ikishajaza mifuko ya mpira iliyochukua nafasi ya springi, valvu hufungwa na hewa hubaki ndani. Fundi anaweza kuifungua kompresa nzima na kuiweka mezani, na gari likabaki limesimama. Kwa hiyo kompresa mpya, hata iwe halisi kutoka kiwandani, haiwezi kulizuia gari kushuka usiku.

Jibu la pili linalosikika ni baridi: eti hewa husinyaa usiku. Husinyaa kweli, lakini tupige hesabu. Joto likishuka kutoka nyuzi 30 hadi 18, hewa hupungua takriban asilimia 4. Hiyo ni sentimita moja hivi ya kimo, si gari kulala kabisa. Jibu la tatu ndilo la hatari zaidi kwa mfuko wa mnunuzi: kwamba kwa kuwa kona zote nne zimeshuka, mifuko yote minne imechoka. Hapo ndipo watu hununua seti nzima.

Discovery 3 ilitengenezwa kati ya 2004 na 2009, ikafuatwa na Discovery 4 hadi 2016. Range Rover Sport ya kwanza, ya 2005 hadi 2013, hutumia mfumo huohuo kwa kiasi kikubwa. Kila kona ina mfuko wa hewa na sensa ya kimo. Kompresa iko chini ya gari upande wa kushoto, mbele ya gurudumu la nyuma. Kila ekseli ina boksi lake la valvu zinazoingiza na kutoa hewa, na yote husimamiwa na kompyuta ndogo ya sasipenshoni.

Kompyuta hiyo hailali moja kwa moja. Saa mbili baada ya gari kuzimwa huamka kukagua kimo cha kila kona, kisha hukagua tena kila baada ya saa sita. Ikikuta kona moja iko chini, inatakiwa kusawazisha gari. Lakini injini imezimwa, kwa hiyo haiwezi kuiwasha kompresa ili kuipandisha kona hiyo. Inachoweza ni kutoa hewa tu. Basi inazishusha zile tatu nzima zilingane na ile mbovu.

Fikiria meza ambayo mguu wake mmoja unaliwa na mchwa, na seremala mwenye msumeno lakini asiye na mbao za kuongezea. Kila akija kukagua anakuta mguu mmoja umefupika, naye anaikata ile mitatu mizima ili meza isiyumbe. Kufika asubuhi meza ni fupi, imetulia, na haionyeshi ni mguu gani ulioliwa. Anayeiona wakati huo ataapa kwamba mchwa wamekula yote minne. Gari nalo huficha ushahidi wake kwa namna hiyohiyo.

Ili kumpata mkosaji, mzuie seremala. Egesha gari mahali tambarare likiwa kwenye kimo cha kawaida, kisha chomoa fyuzi ya kompyuta ya sasipenshoni. Nafasi yake imeonyeshwa kwenye kitabu cha gari. Usiichanganye na fyuzi kubwa ya kompresa, kwa sababu hiyo haizuii valvu kutoa hewa. Fyuzi isipopatikana, ondoa waya wa hasi wa betri, ila kesho yake huenda vioo vya umeme vya madirisha vikahitaji kupangwa upya. Kwa tepu, pima kila kona kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi juu yake. Usipime kutoka ardhini, maana upepo wa tairi utaharibu hesabu. Andika vipimo vinne saa mbili usiku, pima tena saa kumi na mbili asubuhi, na rudisha fyuzi kabla ya kuendesha.

Kona moja ikishuka sentimita mbili au zaidi huku nyingine zikibaki karibu palepale, chunguza mfuko wake na kiungo cha bomba lake. Kona mbili za ekseli moja zikishuka pamoja, shuku kwanza boksi la valvu la ekseli hiyo. Hakuna iliyoshuka? Basi huenda hakuna uvujaji kabisa, na sensa mojawapo ya kimo inaidanganya kompyuta. Kipimo hiki kina udhaifu mmoja: ufa kwenye mpira wakati mwingine huvuja kwenye kimo fulani tu, kwa sababu mfuko hujikunja na kujikunjua kama soksi. Ndiyo maana maji ya sabuni hunyunyiziwa gari likiwa limepandishwa hadi mwisho, pale ambapo mkunjo wa chini umefunguka na vumbi limesuguliwa. Kabla ya mtu kuingia chini, bodi iwekwe kwenye stendi. Hewa ikitoka ghafla, gari hushuka lote.

Hata hivyo, kompresa nyingi hufa kweli, na anayeziua ni uvujaji. Ndani yake kuna kikaushio chenye punje zinazonyonya unyevu, kama mchele unaotiwa kwenye kopo la chumvi. Mchele ukishiba unyevu lazima uanikwe. Gari huanika punje zake kila linaposhuka kwa kawaida: hewa kavu hurudi kupitia kikaushio na kuondoka na unyevu. Lakini hewa inayotoroka kwenye ufa haipiti huko. Kompresa huvuta hewa mbichi kila asubuhi, punje hushiba bila kuanikwa vya kutosha, zinasagika unga, na unga huo huziba valvu. Wakati huo pete ya pistoni inalika kwa joto la kufanya kazi kupita kiasi.

Kompresa mbadala ya kampuni ya AMK huuzwa kwa mamia ya dola, na inapochukua nafasi ya ile ya zamani ya Hitachi, programu ya gari lazima isasishwe. Rilei yake, yaani swichi ya umeme iliyo karibu na betri, ni ya bei ndogo mno kuachwa: meno yake yakigandana, kompresa huendelea kukimbia hata ufunguo ukitolewa. Kwenye Discovery 3 mfuko huja pamoja na shokapsa. Fundi asiliache gari likalie mfuko mpya usio na hewa, na boliti za mikono ya chini ya sasipenshoni zikazwe gari likiwa kwenye kimo cha kawaida, la sivyo bushi zake za mpira hukaa zimejisokota na kupasuka mapema. Kisha magurudumu yapangwe.

Wapo wanaong'oa mifuko na kufunga springi za chuma. Gari halilali tena, lakini haliwezi kujipandisha kwenye matope, na hupoteza uwezo wa kuunganisha hewa ya kushoto na kulia ambao huyaacha magurudumu yafuate mashimo. Taa ya hitilafu nayo hubaki ikiwaka mpaka kompyuta ishughulikiwe. Mara nyingi seti hiyo ya springi hununuliwa kwa ajili ya gari ambalo mfuko wake mmoja tu ndio uliokuwa na ufa.