Anoksia ya bahari: tope jeusi linavyotunza habari za maji yaliyoishiwa pumzi

Ingia mikokoni maji yakiwa yamekupwa. Mguu utazama mpaka kwenye kifundo, na ukiuchomoa utaona kitu ambacho wavuvi wa kaa na kina mama wanaochokoa chaza wamekizoea kiasi kwamba hawakitazami tena. Tope la juu ni la kahawia, unene wake haufiki kidole. Chini yake ni jeusi tii, linanuka yai viza. Lichote, liache hewani, na baada ya muda weusi utaanza kufifia. Sasa tafuta shimo la kaa lililobomoka ubavu mmoja: ukuta wake una rangi ya kutu, ingawa limezungukwa na tope jeusi kila upande. Kaa alishuka na maji, na maji yalishuka na oksijeni.

Karibu yote nitakayoeleza hapa yamo ndani ya shimo hilo.

Anoksia ni hali ya maji kuishiwa kabisa na oksijeni iliyoyeyuka ndani yake. Oksijeni huingia baharini kwa juu tu, kutoka hewani na kutoka kwa mwani na viumbe vidogo vya kijani vinavyotumia jua. Kule chini kusikofika jua, inategemea maji ya juu yazame na kuipeleka. Wakati huohuo mabaki ya viumbe hushuka kama manyunyu yasiyokatika, na bakteria wanaoyaozesha hutumia oksijeni ileile. Matumizi yakizidi mapato, akiba inakwisha. Hapo bakteria wa aina nyingine hushika zamu. Hao hutumia salfeti, ambayo imejaa tele katika maji ya chumvi, na wanachotoa ni haidrojeni salfaidi, ile gesi ya yai viza. Kwa samaki na kaa, gesi hiyo ni sumu.

Kuona maji ya namna hii hakuhitaji safari ya mbali. Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, lakini ukishapita mita 100 upande wa kaskazini, au 200 hivi upande wa kusini, oksijeni hakuna. Dagaa na migebuka wote wa Kigoma wanaishi katika ile sehemu ya juu. Zaidi ya kilomita nzima ya maji chini yao haina samaki hata mmoja. Maji ya juu ni ya vuguvugu na mepesi, yanaelea juu ya yale mazito ya chini, na hayachanganyiki ya kutosha. Bahari Nyeusi ina mkasa kama huo, ila huko kinachotenga maji ni chumvi: kuanzia mita 150 au 200 kwenda chini, mpaka kina cha mita 2,200, ni maji yenye salfaidi.

Ziwa moja au bahari moja iliyozibika ni jambo la mahali. Wanajiolojia wanapotaja tukio la anoksia ya bahari wanamaanisha kitu kikubwa zaidi: kipindi ambacho sehemu pana za bahari za dunia zilikosa oksijeni kwa pamoja, kwa maelfu au malaki ya miaka. Dhana hiyo ilipewa jina mwaka 1976 na Seymour Schlanger na Hugh Jenkyns. Meli za kuchoronga sakafu ya bahari zilikuwa zimepandisha kutoka Pasifiki miamba myeusi ya tope yenye kaboni nyingi, na umri wake ulilingana na wa miamba myeusi iliyokwisha kujulikana Ulaya na kwenye Atlantiki. Inawezekanaje mabonde yaliyotengana hivyo yageuke meusi kwa wakati mmoja? Jibu lao lilikuwa kwamba tatizo halikuwa la mabonde, lilikuwa la bahari.

Tukio linalochunguzwa sana ni la miaka milioni 94 iliyopita, katika zama za Kretasia. Mahali pa kulionea ni milima ya karibu na mji wa Gubbio, Italia. Kuna mwamba wa chokaa mweupe, tabaka juu ya tabaka, uliokuwa tope la bahari ya kina. Katikati ya weupe huo unapita mkanda mweusi wenye unene wa mita moja hivi, kama wanja. Unaitwa tabaka la Bonarelli, kwa jina la mwanajiolojia Guido Bonarelli aliyeueleza mwishoni mwa karne ya 19. Mkanda huo ulichukua takriban nusu milioni ya miaka kujijenga, pengine zaidi. Piga hesabu: ni milimita mbili kwa kila miaka 1,000. Ukiweka kidole chako kwa upana juu ya mwamba, umefunika miaka kama 10,000.

Dalili ya kwanza ya anoksia ndani ya mwamba wa namna hiyo ni ya kukosekana kitu, nami naona ndiyo nzuri kuliko zote. Tope la kawaida la baharini halitulii. Minyoo, kaa na chaza hulichimba, hulila, hulipitisha tumboni na kulitapakaza, mpaka la mwaka huu na la miaka mingi iliyopita yanakuwa uji mmoja. Oksijeni ikiisha, wachimbaji hao wanakufa au wanahama. Kinachoshuka kinalala pale kilipotua, na mwamba unabaki na mistari myembamba mfululizo, mingine ya chini ya milimita, kama kurasa za kitabu zikitazamwa kwa ubavu. Kwa hiyo tope linakumbuka vizuri zaidi pale ambapo hakuna aliyebaki wa kulivuruga. Mabaki ya viumbe nayo, kwa kuwa hayaliwi, hubaki ndani yake. Katika tabaka la Bonarelli zipo sampuli ambazo kaboni hiyo inafikia asilimia 20 ya uzito. Sehemu kubwa ya mafuta yanayochimbwa duniani leo ilipikwa ardhini kutokana na matope ya aina hii.

Hata hivyo, weusi peke yake usikudanganye. Mahali penye rutuba sana panaweza kulaza kaboni nyingi bila maji kuishiwa oksijeni, na tope linaweza kuwa jeusi ndani huku maji ya juu yake yakiwa mazima kabisa. Mikoko ni ushahidi wa hilo. Basi inabidi kuuliza swali gumu kidogo: oksijeni iliishia ndani ya tope, au iliisha ndani ya maji yenyewe?

Hapo pairaiti inasaidia. Salfaidi ikikutana na chuma hutengeneza madini hayo, na chini ya hadubini huonekana kama vijitufe vilivyoundwa na punje ndogondogo, mithili ya tunda la forosadi. Kijitufe kilichozaliwa ndani ya tope kina nafasi ya kukua polepole, kwa hiyo utavikuta vikubwa na vidogo vimechanganyika. Kilichozaliwa ndani ya maji yenye salfaidi huzama kingali kichanga. Vijitufe vya namna hiyo hulingana ukubwa, na wastani wake ni kama sehemu tano kati ya elfu za milimita moja, yaani mikromita 5. Kupima forosadi mia mbili tatu ni kazi ya kuchosha macho, lakini inajibu lile swali.

Kisha kuna molibdeni. Katika maji yenye oksijeni, metali hii huzunguka baharini miaka malaki bila kushikamana na chochote. Ikikutana na salfaidi hubadilika, hunasa kwenye mabaki ya viumbe na kuzikwa. Ungetegemea basi kwamba kadiri anoksia ilivyokuwa kubwa, ndivyo miamba itakavyojaa molibdeni. Sivyo. Katika tukio la miaka milioni 94, hata matope yaliyolala chini ya maji yenye salfaidi kali yana molibdeni kidogo kuliko ilivyotazamiwa. Sababu ni kwamba wanaogombea walikuwa wengi: sakafu nyingi zilikuwa zinainyonya kwa mpigo, mito haikuweza kufidia, na bahari nzima ikapungukiwa. Huo upungufu ndio unaoonyesha upana wa tukio kuliko wingi ambao ungepatikana mahali pamoja.

Kaboni nayo inasema jambo la dunia nzima. Viumbe vya kijani hupendelea kaboni nyepesi, ile ya 12, kuliko ya 13. Mabaki yao yakizikwa kwa wingi bila kuoza, kaboni nyepesi inazikwa nayo, na maji yanabaki na ile nzito kwa uwiano mkubwa zaidi. Chokaa yoyote inayojengwa wakati huo hurithi uwiano huo, hata kama ilijengwa mahali penye oksijeni tele. Ndiyo maana majabali meupe ya chaki ya Eastbourne, Uingereza, yamebeba alama ya tukio lilelile la Gubbio pasipo mkanda mweusi kama ule.

Ni nini kilianzisha? Uwiano wa isotopu (yaani atomi nzito na nyepesi) za osmiamu, metali adimu, ndani ya mashapo hubadilika ghafla kidogo tu kabla ya tukio, na mabadiliko hayo yanaelekeza kwenye milipuko mikubwa ya volkano chini ya bahari, hasa katika eneo lililo Karibi leo. Kaboni dioksaidi ilipanda, joto likapanda, na maji ya moto hushika oksijeni kidogo. Mvua ziliongezeka, mito ikaleta rutuba zaidi. Halafu tope lenyewe likatia chumvi kwenye kidonda: lisipokuwa na oksijeni, hushindwa kuizuia fosforasi, ambayo hurudi majini na kulisha mwani mpya, utakaokufa, kuoza na kula oksijeni iliyosalia. Joto la wakati ule tunalijua kwa sehemu kutokana na udongo wa pwani ya Tanzania. Visima vilivyochorongwa maeneo ya Kilwa na Lindi vimetoa foraminifera, viumbe vidogo vyenye magamba ya chokaa, ambavyo udongo mzito uliokataa kupitisha maji umevihifadhi vikiwa angavu kama kioo. Kemia ya magamba ya muda mfupi baada ya tukio inaonyesha bahari ya juu yenye joto la zaidi ya nyuzi 30.

Bahari ya leo haijafika huko. Imepoteza kama asilimia 2 ya oksijeni yake kati ya miaka ya 1960 na 2010, na sehemu zilizokwisha kuwa maskini ndizo zinazotazamwa kwa wasiwasi. Mojawapo ni Bahari ya Arabu. Kusi ikivuma, husukuma maji ya juu mbali na pwani za Somalia na Omani, na maji baridi yenye rutuba hupanda kuziba nafasi. Mwani hustawi, samaki hujaa, mabaki hushuka. Matokeo yake ni kwamba kuanzia mita 150 hivi hadi zaidi ya 1,000 kwenda chini, oksijeni ni kidogo mno, na penginepo haipo.

Matope ya upande wa Pakistani ya bahari hiyo yameandika kupanda na kushuka kwa hali hiyo kwa zaidi ya miaka 100,000. Katika vipindi vya joto, kusi ilipokuwa na nguvu, bomba la tope lililotolewa chini lina rangi ya kiza na mistari myembamba isiyoguswa. Ukifuatilia mpaka kipindi cha baridi kali, rangi inapauka, mistari inavurugika, kisha inapotea. Kusi imelegea, oksijeni imerudi, na minyoo imeanza tena kuchimba.