Kuogopa nusu kaputi sio kughairi

Jamani hili neno nusu kaputi mimi silipendi lakini ndilo tulilonalo. Nimekulia Mombasa, tangu utotoni mtu akipelekwa kupasuliwa watu wa mtaani wanasema "kapigwa nusu kaputi" na sauti inashuka kabisa, kama vile mwenyewe keshaanza safari ya upande wa pili. Kaputi ni Kijerumani, kuharibika, kwa hivyo ukilichukua neno lilivyo unamwambia mgonjwa unamuua nusu halafu eti unamuuliza mbona presha iko juu.

Mimi ni nesi, niko Minneapolis huku Marekani miaka mingi sasa, kazi yangu ni kumwandaa mtu kabla hajaingia thieta na kumpokea akitoka. Kati ya ninaowaandaa wako watu wa transi, yaani wale ambao jinsia wanayojijua sio ile waliyoandikiwa walipozaliwa, wanaokuja kwa upasuaji wao wa kwanza, wengi ni vijana wa kiume waliozaliwa wakaandikwa wasichana, wanaokuja kwa upasuaji wa kifua, yaani kuondolewa matiti, na mara moja moja naletewa mtu nikisoma tu jina la ukoo kwenye faili najua huyu wa kwetu. Basi Kiingereza kinakaa pembeni. Na Kiswahili hapo kinasaidia kuliko mnavyofikiri, manake wenzetu huku wanahangaika na "he" na "she" mpaka wanatoka jasho, sisi tunasema "amefika, anaomba blanketi" yameisha. Shida yetu inaanzia kwenye dada na kaka.

Sasa nilichokuja kugundua ni kwamba hawa wagonjwa wanaogopa mara mbili. Kwanza anaogopa kisu kama mtu yeyote yule, pili anaogopa kuonekana anaogopa. Ili kufika kwenye kile kitanda keshahojiwa weee. Ule mwongozo wa WPATH, chama cha kimataifa cha wataalamu wa afya ya watu wa transi, ambao madaktari wengi wanaufuata, toleo la saba lilitaka barua moja ya mtaalamu wa afya ya akili kwa upasuaji wa kifua na barua mbili kwa sehemu za siri, toleo la nane la 2022 likalegeza ikawa barua moja inatosha, lakini kuna bima ambazo mpaka leo zinashikilia masharti ya zamani. Kwa hiyo mtu amekaa miezi, mwingine miaka, anawaambia watu wa kila aina "nina uhakika, nina uhakika, nina uhakika", sasa asubuhi ya siku yenyewe magoti yanagongana anajiuliza huu uhakika umekwenda wapi, na akiwaambia hawa si watamrudisha nyumbani?

Kuna kijana mmoja, mambo yake nimeyabadilisha asijulikane, alikaa pale ananichekea tu, kila nikimuuliza "niko poa anti, niko poa", na mashine hapo juu inasoma mapigo 128. Mashine haina adabu, haijui kumsitiri mtu. Nikavuta kiti nikakaa (ukisimama mgonjwa anajua una haraka), nikamwambia mwanangu, huo moyo umekimbia kutoka wapi? Akanyamaza halafu akaniuliza polepole, "Nikisema naogopa, mtaufuta upasuaji?"

Hatufuti. Naandika hapa kwa herufi za kawaida lakini ichukueni kama nimepiga kelele. Mtu anayekuja kutolewa kidole tumbo anatetemeka na hakuna anayemwambia labda unalipenda hilo dole lako. Mwili hauna habari na barua zako, unachojua ni kwamba kuna mtu anakuja na kisu na wewe umelala, lazima upige kengele.

Lakini pia sitadanganya kwamba shaka haipo kabisa. Ipo, na ndio maana watu wanachanganya. Mimi namwambia mtu tenganisha njia na mwisho. Fumba macho fikiria sindano, taa zile kubwa, kulala, maumivu ya siku ya pili, umetetemeka? Haya, sasa ruka mbele miezi sita, kidonda kimepona, uko nyumbani umevaa fulana nyepesi unakunywa chai. Vipi hapo? Wengi hapo mabega yanashuka nayaona kwa macho yangu. Njia inatisha, mwisho unatuliza, huo ni woga. Ila kama ni ule mwisho wenyewe unaokukosesha usingizi, hiyo ongea na daktari wako, tena mapema kabla ya siku, kuahirisha hakumwaibishi mtu na nimeona walioahirisha wakarudi baadaye wakiwa tofauti kabisa, na mmoja hakurudi na hiyo pia sawa. Kuhusu kujuta, kuna uchambuzi wa 2021 uliokusanya tafiti 27 zenye watu karibu 8,000 waliofanyiwa upasuaji wa aina hii, waliojuta ilikuwa kama asilimia 1.

Turudi kwenye woga wenyewe. Ukimuuliza mtu unaogopa nini atasema kufa, lakini ukikaa naye utakuta ni vitu vidogo vidogo ambavyo hakuna aliyemwambia. Cha kwanza jina. Umekaa pale wodini na watu wengine, nesi anatoka anaita kwa sauti jina lililoko kwenye kitambulisho, jina ambalo hujalitumia miaka mitano. Kwa watu wa kwetu hili linauma zaidi manake kubadilisha karatasi za nyumbani ni kazi, Audrey Mbugua, mwanamke wa transi wa Kenya, ilibidi aende mpaka Mahakama Kuu Nairobi ndio mwaka 2014 ikaamriwa cheti chake cha shule kibadilishwe jina. Kile kibandiko cha mkononi lazima kifanane na kitambulisho, hiyo ni usalama hatuwezi kuichezea, ila piga simu siku chache kabla uombe jina lako lenyewe liandikwe kwenye faili na kwenye ubao wa chumba na hilo ndilo liitwe. Inawezekana, watu hawaombi tu.

Cha pili kikopo. Hospitali nyingi huku mtu yeyote mwenye kizazi anaombwa mkojo apimwe mimba kabla ya kulazwa usingizi. Kijana wa watu kaamka saa kumi alfajiri siku aliyoingoja maisha yake yote, kitu cha kwanza anapewa kikopo cha kupima mimba. Nimeona mtu akilia chooni kwa hilo tu. Ukijua mapema linapungua ukali, unaingia unakojoa unatoka, na ukitaka uliza kama sera yao inakuruhusu kukataa kwa kutia sahihi.

Cha tatu, hiki hawakisemi mpaka uwasaidie, ni kuvua binda, ile fulana ya kubana kifua kionekane bapa. Daktari anakuja na kalamu anakuchora kifuani umesimama wima ukiwa macho, manake ukilala ngozi inahama na mistari inapotea, na mara nyingi anapiga na picha za faili. Kwa mtu ambaye hata akioga anazima taa, zile dakika kumi ni ndefu kuliko upasuaji wenyewe. Omba mlango ufungwe, omba wapungue waliomo, uliza kama yule uliyekuja naye anaweza kukaa ndani, na ukitaka kutazama ukutani tazama ukutani, hatuna neno.

Halafu mtaulizwa jina, tarehe ya kuzaliwa na unafanyiwa nini, mara nne mara tano, kila mlango. Wagonjwa wanashtuka wanadhani hatujui tunachofanya. Kumbe ni ile orodha ya Shirika la Afya Duniani ya 2008, vipengele 19, vingine vinasomwa kabla hujalala, vingine kabla ya kisu, vingine kabla hujatolewa. Siku utakayofika usiulizwe chochote hiyo ndio siku ya kuogopa.

Na kuamka katikati? Hilo kila mtu analo. Uchunguzi mkubwa wa Uingereza na Ireland uliotoka 2014 ulikuta wanaosema walipata fahamu ndani ya usingizi ni kama mmoja kwa kila 19,000. Na kuna mtu kazi yake nzima ni kukaa kichwani kwako anatazama pumzi na moyo wako, haendi kunywa kahawa. Mwambie huyo kila kitu. Sigara, shisha, miraa, mitishamba aliyokutumia shangazi, homoni unazotumia na dozi zake, homoni usiache mwenyewe kwa kusikia rafiki aliacha, uliza kwanza. Huyo daktari wa usingizi sio polisi wala sio mamako.

Kuhusu kula, watu wetu wanaanguka kwenye chai. Miongozo ya Marekani inaruhusu vinywaji vyepesi mpaka masaa mawili kabla ya usingizi, maji, chai ya rangi, kwa hiyo kama kwenu hawajakupa masharti makali zaidi chai ya rangi inapita. Lakini chai ya maziwa ni chakula! Hiyo ni masaa sita kabla, na pilau la mafuta la jana usiku ni masaa manane au zaidi. Nimeona upasuaji umesogezwa kwa kikombe kimoja cha chai ya maziwa na tangawizi, mtu akarudi kukaa na wasiwasi wake nusu siku nyingine.

Kupumua kunasaidia kweli, ila sio ile ya kuvuta kifua kizima mpaka kizunguzungu. Vuta kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya sita, kutoa ndiko kunakoshusha moyo. Wengine wanashika tasbihi, mmoja alikuwa anaimba nyimbo za kwaya ya kwao kimoyomoyo midomo inacheza. Sawa zote. Na ikishindikana kabisa ipo dawa ya kutuliza ya dripu, midazolamu, omba, usione haya.

Tena tafuta mtu wa kukurudisha nyumbani mapema, hospitali haikuachii uondoke peke yako na dereva wa teksi hahesabiki. Wengi familia hazijui au zimewakata, wanaliacha hilo mpaka usiku wa mwisho na nusu ya kihoro ndio hiyo. Yule kijana wangu alisindikizwa na mwenzake wa ghala wanakofanya kazi, mzee wa Kikongo, alikuja na chapati kwenye foili na hakuuliza swali hata moja.

Alipotoka thieta nilikuwa upande wa kupokea. Akafungua jicho moja akauliza "imeisha?" nikamwambia imeisha. Akalala. Dakika mbili, "anti, imeisha?" Imeisha mwanangu. Midazolamu inafuta kumbukumbu, kwa hiyo aliniuliza kama mara sita, na kila mara akisikia anafurahi upya.